Mtandao wa wageni ukigoma: ninavyoutengeneza nyumbani kwangu Malaba

Kwa wiki mbili mtandao wa wageni hapa kwangu, yaani Wi-Fi ya pili iliyotengwa na ile ya nyumbani, ulikuwa unakata saa moja asubuhi na kurudi saa tisa alasiri, kila siku, kama vile kuna mtu kaajiriwa kuuzima. Madereva wanaolala vyumba vya nyuma wakiamka wanataka kuwapigia wake zao Mombasa, au kuulizia kama makaratasi ya mzigo yameshapita, na simu zao haziuoni mtandao kabisa. Mimi niko sebuleni, simu yangu imeshika mtandao wa nyumbani, kila kitu kinafunguka. Nikawa nawajibu kwamba shida ni simu zao. Haikuwa simu zao. Ilikuwa ruta yangu, kile kisanduku kinachorusha intaneti, na jibu lake nitalieleza huko mbele kwa sababu sidhani kama ni mimi peke yangu niliyeingia mtego ule.

Nina vyumba vinne vya kulaza wageni upande wa Uganda wa mpaka, wilaya ya Tororo. Kabla ya hapo nilikuwa karani kwa miaka tisa katika ofisi ya uwakala wa forodha, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, kompyuta ikisumbua niliitwa mimi. Sikuusomea ufundi huu darasani. Nimeujua kwa kushika, kuharibu na kurudia, kwa hiyo nitaeleza kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Kwanza niseme kwa nini sikubali kumpa mgeni paswadi ya nyumbani hata akiwa mtu wa heshima. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampa kila mtu mtandao mmoja. Siku ya hitima ya marehemu mama mkwe wangu, wanawake wamekaa kwenye mikeka sebuleni, msomaji yuko katikati ya Yasini, televisheni iliyokuwa kimya ukutani ikawaka yenyewe na uwanja wa mpira ukatokea, sauti juu. Kijana mmoja chumba cha tatu alitaka kutazama mechi kwenye simu, akabonyeza alama ya kurusha picha, na simu ikachagua televisheni ya kwanza iliyoiona. Hakuwa na nia mbaya, na aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Lakini nilikaa nikawaza: kama simu yake inaifikia televisheni yangu, kompyuta yake inaifikia folda ninayoweka nakala za pasipoti za wageni. Inaifikia printa. Inaifikia kamera ya getini. Wiki ile ile nikawasha mtandao wa wageni.

Kwa hiyo mtandao wa wageni ukigoma, usikate tamaa ukatoa paswadi ya nyumbani "kwa leo tu". Ya leo tu hukaa kwenye simu ya mtu miaka.

Anza kwa kwenda alipo mgeni

Chukua simu yako uende chumbani kwake, au usimame mlangoni kama si vizuri kuingia. Usimwite aje sebuleni, maana sebuleni ndipo ruta ilipo na pale kila kitu hufanya kazi. Ukiwa pale pale, ingia mtandao wa nyumbani, fungua ukurasa wowote ambao hujaufungua siku nyingi, kisha ingia mtandao wa wageni ufanye vivyo hivyo. Inachukua dakika tatu na inakuepusha na saa nzima ya kubahatisha.

Yote miwili ikikataa, tatizo si mtandao wa wageni, ni intaneti yenyewe au umeme. Wa nyumbani ukikubali na wa wageni ukakataa, tatizo liko kwenye mipangilio ya ruta. Yote ikikubali kwako na simu ya mgeni ikabaki imekwama, basi ni simu yake, lakini sasa unalisema hilo ukiwa na ushahidi. Na yote ikiwa dhaifu, ni ukuta na umbali.

La ukuta nilimalize hapa hapa. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 yana kasi lakini hushindwa na ukuta, ya 2.4 ni ya polepole zaidi lakini hupenya na kufika mbali. Vyumba vyangu vya nyuma viko ng'ambo ya ua, kuna kuta mbili za matofali ya kuchoma na tangi la maji katikati, na tangi lililojaa maji huyala mawimbi haya vibaya mno. Mtandao wa wageni nimeuweka kwenye 2.4 peke yake. Ruta niliitoa nyuma ya televisheni nikaipandisha juu ya kabati, upande wa dirisha linaloangalia ua. Kuihamisha mita mbili kulinisaidia kuliko kifaa cha kuongeza mawimbi nilichokinunua kwanza. Na kifaa hicho, kama unacho, kichunguze: vingi hunyonya mtandao wa nyumbani tu na kuurusha tena, hivyo mgeni anayeunganishwa nacho anakuwa ndani ya nyumba yako bila wewe kujua.

Yote miwili ikiwa imekufa

Angalia taa za ruta. Kama hazina mpangilio, zinawaka na kuzima kana kwamba ruta inaanza upya kila mara, tazama kichwa cha umeme kabla ya kitu kingine. Nyuma ya ruta pameandikwa inataka volti ngapi na ampea ngapi, mara nyingi volti 12, na kichwa cha redio ya zamani cha volti 9 kinaingia tundu lile lile bila ubishi. Itawaka, itarusha jina, halafu simu tano zikiunganishwa itaanguka. Mimi niliwahi kuishi na hali hiyo mwezi mzima baada ya binti wa kazi kuchanganya vichwa alipokuwa anapangusa vumbi.

Kama taa ni nzima, angalia bando, na hapa mpakani angalia pia mnara. Hili halipo kwenye vijitabu vya ruta, na watu wa Malaba na Busia wanalihitaji. Ruta yangu inatumia laini ya simu ya Uganda, lakini minara ya Kenya iko karibu, na kuna nyakati inasikika vizuri zaidi kuliko yetu. Ruta ikiachwa ijichagulie, umeme ukikatika na kurudi inaweza kuamka imeshika mnara wa ng'ambo. Unaona alama za mawimbi zimejaa na hakuna kinachofunguka, kwa kuwa kutumia data nje ya nchi kumefungwa, na ni vizuri kubaki kumefungwa.

Namna ya kugundua: ingia ukurasa wa ruta, sehemu ya hali ya mtandao wa simu, usome namba ya mtandao ulioshikwa. Namba za mitandao ya Uganda huanza na 641, za Kenya huanza na 639. Ukiona 639, nenda palipo na uchaguzi wa mtandao, ondoa wa kujichagulia, iambie ruta itafute, kisha chagua wako wa Uganda kwa mkono. Utafutaji huchukua dakika moja au mbili na intaneti hukatika wakati huo, kwa hiyo wajulishe waliomo ndani.

Kama hujawahi kuufungua ukurasa wa ruta, anwani yake imebandikwa chini au nyuma ya ruta yenyewe, kwa kawaida ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na lazima uwe kwenye mtandao wa nyumbani. Jina na neno la siri la kuingilia vimeandikwa hapo hapo. Kama bado ni yale ya kiwandani, yabadilishe leo.

Jina la mtandao halionekani

Sasa turudi kwenye saa moja asubuhi na saa tisa alasiri.

Nilikuwa nabadilisha mashuka chumba cha pili, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, simu mfukoni. Nikaitoa nijaribu. Jina la nyumbani lilionekana kwa mbali, la wageni halikuwepo. Si kwamba lilikuwa dhaifu, halikuwepo. Hapo nikajua kuna kitu kinaliondoa. Nikaingia ukurasa wa ruta, na kabla sijafika kwenye "Guest Network" nikaona juu kabisa saa ya ruta imeandikwa 05:20.

Miezi miwili nyuma nilikuwa nimechoka na bando kuisha usiku, simu za wageni zikipakua video watu wakiwa wamelala. Mtoto wa kaka yangu alikuwa likizo hapa, nikamwomba aweke ratiba. Akaniuliza, "Shangazi, uzimwe saa ngapi?" Nikamwambia saa nne usiku, uwashwe saa kumi na mbili asubuhi. Naye akaandika kama alivyosikia: uzimwe 04:00, uwashwe 12:00. Ruta haijui saa zetu. Kwake 04:00 ni saa kumi alfajiri, na 12:00 ni saa sita mchana. Juu ya hilo, saa ya ruta yenyewe ilikuwa kwenye majira ya Greenwich, ambayo yako nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo ikiwa kwake ni 04:00, kwetu imeshakuwa saa moja asubuhi. Ikiwa kwake ni 12:00, kwetu ni saa tisa alasiri. Hesabu ilikaa sawa kabisa, na mimi nilikuwa nalaumu simu za watu. Ratiba haikuwa imewashwa mpaka alipokuja mara ya pili na kubonyeza kuhifadhi, ndiyo maana wageni waliumia wiki mbili tu.

Nikarekebisha nusu. Nikaandika 22:00 na 06:00, nikafurahi, nikalala. Asubuhi yake mgeni wa chumba cha kwanza, mzee kutoka Mbale, akaniambia kwa upole, "Mama, mtandao ulikatika saa saba usiku, na mpaka sasa saa tatu kasoro bado." Saa tatu zile za Greenwich nilikuwa sijazigusa. Basi fanya yote mawili kwa pamoja. Tafuta "Time Zone" uchague Nairobi au GMT+3, kwa kuwa Kampala na Nairobi tuna majira mamoja na ruta nyingi huorodhesha Nairobi tu. Kisha geuza saa zetu kuwa za ruta: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano usiku, ongeza 18. Saa sita usiku ni 00:00, na kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ondoa 6. Andika kwenye karatasi kabla hujaandika kwenye ruta, na mwombe mtu wa pili akusomee.

Kuna jingine linalohusu saa. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kushikilia saa. Umeme ukikatika, zikiwaka huanza na tarehe ya kiwandani, kisha huuliza saa kwenye intaneti. Kama bando limeisha au mnara ni wa ng'ambo, haipati jibu, na ratiba inaenda kwa saa ya uongo. Ndiyo maana mtandao wa wageni unaweza kukosekana mchana wa jua kali kwa sababu ruta inaamini ni usiku. Kwa sasa mimi nimeacha ratiba kabisa, nimeweka kikomo cha kasi badala yake, na nimepata usingizi zaidi.

Ikiwa huna ratiba na jina bado halionekani, angalia kama mtandao wa wageni umepewa muda wa kuisha. Ruta nyingine hukuuliza unauwasha kwa saa ngapi, na ukiacha chaguo la mwanzo unajizima baada ya saa chache. Angalia kama jina limefichwa. Angalia kama umewashwa kwenye 5 GHz peke yake, maana simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa hazina uwezo wa 5, kwa hiyo kwao jina hilo halipo duniani.

Na kuna simu zinazotoka Marekani. Wifi yangu, mtu si mtandao, alipokuja na simu aliyotumiwa na mwanawe kutoka Minnesota, jina la wageni lilionekana kwa kila mtu isipokuwa yeye. Mawimbi ya 2.4 yamegawanywa kwa njia zenye namba, na ruta yangu ilikuwa imejichagulia njia ya 13. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazitumii njia ya 12 wala 13. Niliihamishia njia ya 6, jina likamtokea hapo hapo. Chagua moja kati ya 1, 6 na 11. Hizo tatu haziingiliani zenyewe kwa zenyewe, na kila simu inazijua.

Jina lipo, ila inakataa kuingia

Hapa shida mara nyingi ni maandishi. Neno la siri la mtandao wa wageni lisiwe na herufi O karibu na sifuri, wala herufi l ndogo karibu na moja. Simu hupenda kuikuza herufi ya kwanza bila kuulizwa, na hupenda kuacha nafasi tupu mwishoni ukichagua neno lililopendekezwa. Linatakiwa liwe na herufi zisizopungua 8. Mimi hutumia maneno matatu ya Kiswahili yaliyoshikana, yote herufi ndogo, yasiyohusiana: jina la chakula, la mnyama na la rangi. Dereva wa Kisomali, Mteso au Mganda wote wanayaandika nikiwatamkia kwa sauti ng'ambo ya ua.

Ukibadilisha neno la siri, simu zilizokuwa zimehifadhi la zamani zitaendelea kulipeleka lile la zamani na kuonekana zimekataliwa. Dawa ni kuiambia simu isahau mtandao, kisha kuingia upya. Hii ndiyo dawa ninayoitumia mara nyingi kuliko zote, na kwa mgeni anayerudi kila mwezi ndiyo ya kwanza kujaribu.

Kama simu ni ya zamani na imekataa hata neno likiwa sahihi, angalia aina ya ulinzi. WPA2 ni ulinzi wa zamani wa Wi-Fi na WPA3 ndio mpya; WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na simu nyingi za kabla ya hapo haziielewi. Ukiwa umechagua WPA3 peke yake, zitakwama. Chagua ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 peke yake. Usiache mtandao wazi bila neno la siri eti kuwarahisishia wageni. Hapa kwangu barabara iko hatua ishirini, na foleni ya malori husimama hapo usiku kucha.

Mwisho kwenye hili, ona kama ruta ina kikomo cha idadi ya vifaa. Vile vidude vidogo vya mfukoni vya kurusha intaneti, vingi havipokei zaidi ya vifaa kumi. Cha kumi na moja hakiambiwi sababu, kinakataliwa tu.

Imeingia, lakini hakuna kinachofunguka

Simu imeandika imeunganishwa, chini yake imeandika hakuna intaneti. Fungua maelezo ya mtandao kwenye simu hiyo usome anwani ya IP iliyopewa. Ikianza na 169.254, au pakiwa patupu, ruta haikuipa anwani yoyote.

Ruta hugawa anwani kama anayegawa namba za foleni, na namba zina mwisho. Mimi nilikuwa nimejibana mwenyewe: kuanzia 100 mpaka 119, yaani vifaa ishirini, na kila namba ikishikiliwa saa 24. Hesabu vyumba vinne, watu wawili kila chumba, kila mmoja ana simu mbili: ya laini ya Kenya na ya laini ya Uganda. Hao ni kumi na sita. Wakiondoka alfajiri, namba zao bado zimeshikiliwa mpaka kesho, na wapya kumi na sita wanaingia jioni. Wanne wa kwanza wanapata, waliobaki wanakosa. Zaidi ya hapo, simu za kuanzia Android 10 na iPhone za kuanzia iOS 14 hazitoi namba yao halisi ya kiwandani, zinatunga nyingine, kwa hiyo simu ile ile ikisahau mtandao na kurudi inaweza kuhesabiwa kuwa mgeni mpya na kuchukua namba ya pili. Nilipanua kuanzia 100 mpaka 199 na kupunguza muda wa kushikilia kuwa dakika 120. Halijatokea tena. Kwa sababu hiyo hiyo usijisumbue kuwafungia wageni kwa orodha ya namba za vifaa vyao; zinabadilika.

Kama anwani ipo na ni ya kawaida, andika 1.1.1.1 kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka huku tovuti za majina zikikataa, intaneti ipo ila kinachotafsiri majina kuwa namba ndicho kilicholala. Kwenye sehemu ya kugawia anwani, weka DNS, yaani huyo mtafsiri wa majina, ya 1.1.1.1 na ya pili 8.8.8.8, kisha mgeni atoke mtandaoni na kuingia tena ili azipokee. Mara chache ni simu yenyewe imewekewa DNS ya faragha ya kuzuia matangazo. Izime kwa muda ujaribu.

Wenye ruta mbili, moja ya kampuni ya intaneti na nyingine mliyonunua, kuna matatizo mawili ya kuangalia. La kwanza ni ruta zote kutumia 192.168.1.1, zitagongana, na kwa kawaida ya pili ndiyo inayopotea njia. Ipe ya pili anwani tofauti, kwa mfano 192.168.20.1. La pili ni gumu kuliona: ruta ikigeuzwa kuwa kituo cha kurusha tu, kazi ya kugawa anwani na kutenganisha watu huachiwa ile ya kwanza. Ruta nyingi zikiwa katika hali hiyo huufuta mtandao wa wageni, au huubakiza jina tu bila uzio wa kuwatenga wageni na vifaa vyako. Wageni wataingia, watafurahi, na watakuwa wanaiona printa yako.

Yasiyo ubovu

Mgeni akilalamika kwamba haoni printa, au hawezi kurusha video kwenye televisheni ya sebuleni, mtandao wa wageni unafanya kazi yake. Mimi huwaambia wanitumie faili kwa WhatsApp niwachapishie, na hakuna aliyenuna.

Mgeni kutoka Kenya akisema kila kitu kinafunguka isipokuwa Facebook, usiguse ruta. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, kuelekea uchaguzi, na wa ng'ambo wengi hawajui hilo hadi wavuke. Niliwahi kuifuta mipangilio yote ya ruta nzima nzima kwa ajili ya lalamiko hilo moja, jioni ikaniishia.

Na wakisema iko polepole, kwanza kumbuka kikomo ulichoweka mwenyewe. Kama hukuweka, weka, hasa ukiwa unanunua bando. Tangu Julai 2021 data hapa Uganda ina ushuru wa asilimia 12 juu yake, na simu moja inayopandisha picha za harusi kwenye hifadhi ya mbali italimaliza bando la nyumba nzima. Mwombe mgeni kwa adabu aiambie simu yake kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo. Simu ikijua hivyo huahirisha yenyewe masasisho na kupandisha picha.

Jaribu uzio kabla ya kuondoka

Mtandao ukisharudi, usiishie hapo. Ukiwa bado na simu kwenye mtandao wa wageni, andika kwenye kivinjari anwani ya ruta. Ukurasa wa kuingilia ukifunguka, wageni wanaweza kukaa chumbani na kubahatisha neno la siri la ruta yako. Rudi kwenye "Guest Network", utafute kisanduku kinachouliza kama wageni waruhusiwe kufikia mtandao wa ndani, ukiondoe alama. Kisha tafuta "AP Isolation" kwa upande wa wageni, uiwashe, ili wageni nao wasionane wao kwa wao; dereva hana sababu ya kuiona kompyuta ya wakala aliyelala chumba cha pili. Jaribu tena: ukurasa wa ruta ukatae, alama ya kurusha isiione televisheni, na tovuti ya kawaida ifunguke.

Fanya jaribio hili kila baada ya ruta kusasishwa au kubonyezwa kile kitundu cha kurudisha ya kiwandani. Kitundu hicho hufuta kila kitu, uzio ukiwemo, na huwezi kuliona hilo kwa kutazama taa. Mimi nimekibandika utepe juu, nikaandika kwa kalamu: mwite Mama kwanza.

Ndani ya kila mlango wa chumba nimeweka karatasi yenye jina la mtandao, neno la siri kwa maandishi makubwa ya kusomeka, na mchoro ule wa mraba ambao kamera ya simu ikiusoma inaingia yenyewe. Simu yenye Android 10 au zaidi inakutengenezea mchoro huo ukibonyeza kushiriki kwenye jina la mtandao. Hakikisha tu umebonyeza la wageni. Kila mwezi nabadilisha neno la siri na karatasi zote nne siku ile ile, asubuhi, vyumba vikiwa vitupu na mashuka yako juani.